Maabara Iliyochorwa Ukutani

Ilianza Jumanne ya pili ya muhula wa kwanza, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu Mwalimu Wafula ndiye peke yake aliyekuwa na saa ya mkono katika shule yetu, na mgeni alipotokea mlangoni Mwalimu aliitazama, nami nikaiona kwa upande. Nilikaa dawati la mbele kabisa. Watu hudhani wenye haya hukaa nyuma, lakini sisi wenyewe tunajua: mwalimu huwauliza walio nyuma, akiamini wa mbele wanasikiliza. Mgeni alikuwa mkaguzi wa shule kutoka Nyeri, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu, na udongo mwekundu wa barabara yetu ulikuwa umempanda hadi magotini. Ulikuwa mwaka wa tisa wa Uhuru. Tulikuwa wasichana kumi na tisa wa kidato cha nne katika shule ya Harambee iliyojengwa na wazazi juu ya kilima, mwendo wa nusu saa kutoka barabara ya Karatina. Hedimasta alisimama nyuma ya mkaguzi, ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliyechelewa kanisani.

"Laboratori iko wapi?" mkaguzi akauliza.

Hedimasta alimwonyesha kupitia dirishani. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na kuta nne za mawe zilizofika kimo cha dirisha, zikakwama hapo tangu nilipokuwa kidato cha pili. Ndani yake majani yalikuwa marefu kuliko mahali pengine popote shuleni.

"Mimi naona mbuzi," mkaguzi akasema.

Tulicheka darasa zima, halafu tukanyamaza, maana hatukujua kama tumeruhusiwa.

"Mbuzi ni wa jirani, bwana. Laboratori inakuja. Wazazi wamechoka kidogo tu. Tunaomba serikali itusaidie na mabati na vyombo."

"Serikali inasaidia shule ziko kwa orodha."

"Na sisi tutaingia lini kwa orodha?"

"Mkiwa na laboratori."

Hedimasta aliizungusha kofia. "Na laboratori tutaitoa wapi, bwana, kabla ya kusaidiwa?"

"Hilo ni swali nzuri," mkaguzi akasema, lakini sikumwona akiliandika.

Kisha akaeleza jambo lililotuhusu sisi. Bila vyombo hatungeweza kuandikishwa mtihani wa vitendo wa kemia, ila mwalimu wetu atie sahihi kwamba kufikia mwisho wa mwaka tutakuwa tumefundishwa. Siku yenyewe ya mtihani tungepelekwa kuufanyia katika maabara ya shule ya serikali, kilima cha pili. Asipotia sahihi, tusahau kemia. Nilihisi mguu wa Wairimu ukinigonga chini ya dawati. Wairimu alikuwa mwenzangu wa dawati, msichana mwenye sauti kubwa na akili kubwa zaidi, na sisi wawili tulikuwa tumeapa tangu kidato cha kwanza kwamba tutakuwa wauguzi. Bila kemia, hospitali ingekuwa mahali pa kwenda kulazwa tu. Mwalimu Wafula hakumtazama hedimasta wala mkaguzi. Alitutazama sisi, akasema, "Lete hiyo karatasi, nitie sahihi."

Habari za nyumbani nitaziruka. Inatosha kusema baba alikuwa koplo wa polisi aliyehamishwa kutoka Ukambani, tuliishi katika nyumba za laini ya polisi, na kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha yangu na kila mtu, na lugha ya daftari langu. Ninalo hapa mezani, jalada la kijani limegeuka rangi ya chai. Siku ile nimeandika: "Leo Mwalimu ametia sahihi kitu ambacho hakipo. Sijui kama ni uongo. Chakula kilikuwa githeri, kabeji ilikuwa nyingi."

Baada ya hiyo githeri, mahindi na maharagwe ya kila siku, Mwalimu aliomba makaa jikoni kwa Mama Wairimu. Alikuwa mama yake Wairimu kweli, na ndiye aliyetupikia. Wazazi wengine walileta mahindi, yeye alileta mikono. Mwalimu akavua koti, akapanda kigoda cha miguu mitatu, akaanza kuchora kwenye ukuta wa nyuma wa darasa, uliokuwa umesiribwa udongo na kupakwa chokaa. Alichora mchana kutwa. Alichora meza ndefu, rafu, chupa zenye majina, sinki lenye mfereji, ingawa sisi wenyewe maji tulichota mtoni. Katikati, kwa kimo chake halisi, akachora bureti kumi na tisa zimesimama kwenye vishikizo vyake, kila msichana na yake. Bureti, kwa asiyeijua, ni mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, unaotoa asidi tone kwa tone, na umeandikwa namba ubavuni ili ujue asidi iliyotumika ni kiasi gani. Chini ya kila moja akachora chupa ya maji ambayo tuliambiwa ni ya rangi ya waridi, inayopotea asidi ikitosha. Mama Wairimu alikuja na sufuria mkononi, akasimama, akasema, "Mwalimu, hata wewe ni fundi! Sasa chora na mabati, tumalize hiyo kazi leo."

Tangu siku hiyo kila Jumanne na Alhamisi tulisimama mbele ya ukuta, mkono wa kushoto kwenye koki ya makaa, wa kulia ukiizungusha chupa ambayo haikuwepo. Mwalimu alitembea nyuma yetu mikono mgongoni.

"Jaza mpaka hamsini!"

"Tumejaza, Mwalimu!"

"Fungua!"

"Tone! Tone! Tone!"

"Wewe Nyokabi, hiyo si tone, hiyo ni mvua. Pole pole."

"Tone... tone... rangi imeenda!"

"Funga! Imebaki ngapi?"

"Ishirini na tano!"

"Hamsini toa ishirini na tano?"

"Ishirini na tano!"

Wairimu ndiye aliyekuwa bora. Aliweza kuiona ile waridi ikififia. Nakuapia, ukimtazama usoni uliona inavyopauka. Sifuri ilikuwa chini, karibu na koki, na hamsini ilikuwa juu, kama kile chombo cha kupimia maziwa pale kituo cha ushirika ambapo sote tulikuwa tumepanga foleni na mitungi tangu utotoni. Unajaza, unatoa, unaangalia kilichobaki, unaondoa kwenye hamsini. Hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu hakukuwa na swali. Na jibu letu siku zote lilikuwa ishirini na tano. Leo ninajua kwamba hiyo ndiyo namba pekee ambayo ingetuficha kosa: iliyotumika na iliyobaki zinalingana, hata uigeuze bureti namna gani.

Mwezi uliopita tulikutana Karatina, chumba cha juu cha hoteli moja mkabala na soko, kupanga safari ya kwenda Bungoma kumzika Mwalimu Wafula kwao. Tulikuwa tisa, vikongwe watarajiwa, na kila mmoja ana kiuno chake cha kulalamikia. Kulikuwa na chapati, nyama ya mbuzi na chai ya thamosi. Wairimu, ambaye sasa huuza viazi sokoni kwa magunia na bado sauti yake inasikika kutoka upande wa kabeji, alisimama katikati ya kikao akainua chupa ya soda. "Jaza mpaka hamsini!" Basi sote tukainuka, wanawake wenye vitambaa vichwani, mkono wa kushoto hewani, wa kulia unazunguka, "Tone! Tone! Tone!" hata mhudumu akasimama na trei akiogopa kupita. Tulicheka mpaka mmoja akatoa leso na kile kicheko kikageuka kilio bila kutuaga. Wairimu akajifuta macho. "Na wale wa Vigae wakatupatia bureti za kichwa chini! Ngai! Watu wabaya. Ni huyu Ndinda peke yake alipewa nzuri. Huyu alikuwa na bahati kutoka zamani." Wakanigeukia wakitabasamu. Mimi nilifaulu, nikawa muuguzi miaka thelathini na zaidi, Nanyuki na Nyeri. Wairimu hakufaulu kemia. Nilikoroga chai ambayo ilikuwa tayari imekorogwa.

Vigae ndilo jina tulilowapa wenzetu wa kilima cha pili, kwa sababu ya paa lao. Nao walituita Mabati. Tulitenganishwa na kijito unachoweza kukiruka ukikunja sketi. Jambo hili lilinichanganya wakati ule na bado linanichanganya. Mabati ilijengwa na wazazi, hilo kila mtu alilijua, maana kila Jumamosi tuliwaona wakipanda na mawe, na pesa za kahawa yao zilikatwa kiwandani kwa ajili yetu, hata wasio na watoto. Mimi, ambaye baba yangu hakuwa na mche hata mmoja wa kahawa hapa, nilibeba mawe mara mbili ya wenzangu ili asiwepo wa kuniambia shule si yangu. Lakini siku moja, tukiwa tumeketi juu ya mawe hayo, nikamsikia Mama Wairimu akimwambia mwenzake, "Mimi hii kazi nimezoea. Nikiwa msichana nilibeba ya ile ingine." "Ya ile ipi?" mwenzake akauliza. "Ya Vigae. Unafikiri iliota? Wamisheni walisema bebeni, tukabeba. Halafu Uhuru ikakuja, serikali ikasema hii sasa ni yetu, itapata waalimu na vitabu. Tukapiga makofi. Sasa watoto wetu wakikosa alama za kuingia huko, tunaambiwa jengeni ingine." Mwenzake akauliza, "Na hii nayo serikali ikichukua?" Mama Wairimu akacheka, akajitwika. "Basi tutajenga ya tatu. Mgongo si uko?"

Nilijaribu kufikiri ni nani aliyefanya kosa hapo, nikashindwa. Wasichana wa Vigae walipata alama kubwa kuliko zetu, hilo ni kweli. Wengine walitoka mbali, Meru na Chuka, hawakuwa wametuibia chochote. Serikali haiwezi kuwapa wote, hilo pia nililisikia kwenye redio. Kila neno lilikuwa na haki yake peke yake, na ukiyaweka pamoja yanakuwa mbuzi ndani ya maabara.

Mwezi wa nane Mwalimu alinituma Vigae na barua. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, nisingeanza mazungumzo njiani. Aliomba tupewe Jumamosi moja tu, wasichana wake washike vyombo kwa mikono kabla ya mtihani. Nilivua viatu mtoni, nikavivaa tena ng'ambo. Katibu wa mkuu wa shule akaniketisha kwenye benchi nje ya ofisi, akaniletea chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Sikuwahi kuona siagi pande mbili, sikujua mtu anaushika wapi. Mlango haukufungwa vizuri. Mkuu wa shule alikuwa mama kijana, mweusi kama mimi, na alikuwa akizungumza na mwalimu wa kiume.

"Ni wasichana wa hapa hapa, madam," mwalimu akasema. "Jumamosi moja."

"Najua ni wa hapa. Shangazi yangu ana mtoto kule. Lakini kila bureti nimeisainia. Ikivunjika mkononi mwa mtoto asiye wa shule hii, Nyeri nitawaambia nini? Watasema, wewe madam, tulikupa vyombo ugawe?"

"Wakikuja siku ya mtihani kama hawajawahi kushika..."

"Siku ya mtihani ni amri. Ikivunjika siku hiyo, imevunjwa na amri."

Kisha nikasikia akisema pole pole, kama anajiambia, "Mimi mwenyewe hii siipendi."

Wakati jibu linapigwa taipu, alitokea msichana aliyefunga aproni nyeupe, akiwa amebeba chupa tupu. Ndiye aliyekuwa na ufunguo wa maabara zamu ile. Aliitwa Kagendo, wa upande wa Chuka. Aliniona nikiutazama mlango ulio wazi nyuma yake. "Kuja uone," akasema. "Hapa nje kuna baridi." Niliingia. Ilikuwa ni ukuta wetu, lakini umetoka nje. Rafu zilikuwepo, chupa zilikuwepo na majina yale yale, sinki lilikuwepo na mfereji wake, na nilipoufungua maji yakatoka nikaruka nyuma. Kagendo akacheka, bila ubaya. Akachukua bureti akanipa. "Shika. Haiumi." Ilikuwa baridi na nyepesi kuliko nilivyotarajia, miezi saba nilikuwa nimeishika ikiwa na uzito wa ukuta mzima. Nikaitazama. Koki ilikuwa chini. Karibu na koki iliandikwa hamsini. Sifuri ilikuwa juu.

"Hii imeandikwa vibaya," nikasema. Huenda hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia mgeni bila kuulizwa.

"Ati vibaya? Kwani nyinyi yenu iko namna gani?"

"Sifuri iko chini."

"Na mkitaka kujua asidi imetumika ngapi?"

"Hamsini toa iliyobaki."

Kagendo alinitazama, akatazama zile bureti zote rafuni, moja moja, kama anayehakikisha kwamba si yeye anayeota. "Hapana," akasema. "Zote ziko hivi. Unaanza sifuri juu. Ikishuka, pale imefika ndiyo imetumika. Hakuna kutoa hamsini. Ukitoa hamsini unaandika ile haijatumika." Akaijaza maji, akaniachia koki. Tone. Tone. Nikaifunga, nikasoma kutoka juu. Ilichukua dakika tatu. Halafu katibu akaniita.

Barua ilisema hapana, kwa heshima nyingi. Mwalimu aliisomea kwenye stoo ya mahindi iliyokuwa ofisi ya walimu, sahani ya githeri magotini. Nilisimama mlangoni. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, niliyapanga njia nzima: Mwalimu, samahani, namba. Lakini nyuma ya magunia alikuwepo mwenyekiti wa kamati ya wazazi akihesabu majembe, na siku zile mwenyekiti hakuwa na wimbo mwingine. Alikuwa akisema hadharani kwamba Wafula si mwalimu, hana cheti cha ualimu, ni kijana wa kuokotwa, na mwaka ujao atafutwe mwingine. Mwalimu akaikunja barua. "Sawa. Hatuombi tena. Ukuta wetu hauvunjiki," akasema kwa sauti ya kusikika na mwenyekiti. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa na neno, Ndinda?"

"Hapana, Mwalimu."

Usinione mwema kwamba nilitaka kumlinda. Nilitaka kumlinda, ndiyo, lakini pia niliogopa kusema tu, kama nilivyoogopa kila kitu. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo ni la aibu zaidi, nami nimelikuta kwenye daftari kwa mwandiko wangu: "Labda ziko aina mbili, bureti ya serikali na bureti ya Harambee." Nilikuwa na miaka kumi na saba. Paa zilikuwa aina mbili, mikate aina mbili, walimu aina mbili. Kwa nini bureti zisiwe mbili? Nililifikiri hilo kwa dhati kabisa, Jumanne na Alhamisi, mbele ya ukuta, nikipiga kelele "Ishirini na tano!" pamoja na wenzangu.

Wairimu nilitaka kumwambia. Mara mbili nilianza. Mara ya kwanza tulikuwa tunaosha sahani, akaniambia, "Mimi nikiwa nesi, wewe nitakuwa nakutuma," akanirushia maji, nikacheka, likapita. Mara ya pili nilinyamaza kwa kujua: Wairimu hakuwa na mlango. Ukimwambia asubuhi, mchana liko jikoni kwa mama yake, na jioni liko kwa mwenyekiti. Nilijiambia ningemwambia siku ya mwisho, njiani, tukienda kwenye mtihani, wakati ambapo habari isingekuwa na mahali pa kukimbilia.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Tulishuka mstari mmoja, viatu mkononi, na Wairimu alikuwa mbele kabisa akiongoza wimbo. Mimi nilikuwa wa mwisho. Kati yetu walikuwepo wasichana kumi na saba na njia nyembamba. Ningeweza kupita kwenye majani. Hilo ndilo ninalolijua hadi leo: majani yalikuwa mafupi, ningeweza kupita.

Walitupanga mezani, mmoja mmoja, na Wairimu akawa upande wangu wa kulia. Tulipoambiwa tuanze, niliona mikono kumi na tisa ikiinuka kwa namna moja, kushoto kwenye koki, kulia kwenye chupa, vizuri hata msimamizi akashangaa. Halafu nikaona ile mikono ikisita. Wairimu alitafuta hamsini juu, hakuiona. Akainama akaipata chini karibu na koki. Akafikiri kidogo. Akamimina asidi mpaka hamsini, kama alivyofundishwa, kidogo tu pale chini, akafungua koki, na baada ya matone machache bureti ikawa tupu na waridi ikabaki waridi. Akainua mkono.

"Madam, hii yangu wameitengeneza kichwa chini."

Kulikuwa na wasichana wawili wa Vigae wa kusaidia kugawa maji. Mmoja alijiziba mdomo. Msimamizi, mama wa makamo aliyetoka Nyeri, hakucheka. Sura yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusaidia na amefungwa mikono. "Maswali hakuna," akasema. "Fanya vile ulifundishwa."

Wairimu akanigeukia. Hakuwa akiomba jibu. Alitaka tu kuona kama na yangu ni mbovu. Yangu ilikuwa imejaa hadi sifuri, juu. Macho yetu yalikutana, yakashuka pamoja hadi kwenye mkono wangu, na mimi nikainamia karatasi. Nilisikia akimimina tena, safari hii mpaka juu. Nilisikia matone yake. Baadaye nikaona, bila kutaka kuona, akiandika hamsini na kutoa alichosoma. Alifanya vile alivyofundishwa. Mimi nilisoma kutoka juu.

Tukirudi hawakuwa na huzuni, walikuwa na hasira, na hasira inachangamsha. "Wametupatia zile mbovu!" "Zile nzuri wameficha!" "Mimi nilijua tu, ile siagi yao ina kitu." Wairimu alinishika mkono, akauliza, "Yako ilikuwa sawa?" Nikasema, "Ilikuwa sawa." Akasema, "Heri wewe," na hakuna hila yoyote niliyoisikia humo, nimeisikiliza kwa miaka yote hii, sijaipata. Mwalimu alikuwa anatungoja mtoni. Walimweleza wote kwa pamoja, kichwa chini, sifuri juu, hamsini chini. Alisikiliza. Alitazama mikono yake kana kwamba ina makaa. Kisha akasema, "Nendeni mkale," akabaki pale pale.

Kesho yake, Jumamosi, niliamka mapema, nikamwambia mama nimesahau kitabu. Hakukuwa na mtu shuleni, mbuzi tu. Nilichota maji, nikachukua kitambaa cha kufutia ubao, makaa jikoni, na kile kigoda cha miguu mitatu, nikaingia darasani. Sikugusa rafu wala chupa wala sinki. Nilifuta namba peke yake, bureti moja baada ya nyingine, na nilipofika ya nne, ya Wairimu, kigoda kikayumba nikashika ukuta.

"Utaanguka," Mwalimu akasema mlangoni. Viatu vyake vilikuwa vimelowa umande. Alitazama ukuta, akatazama kitambaa. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile barua."

Nilingoja. Nilidhani atanifukuza, nikaona itakuwa haki. Nilidhani atalia, nikaona nitashindwa kuvumilia. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Mimi pia nilichorewa," akasema. "Kwetu ilikuwa mchangani, kwa fimbo." Akaja hadi chini ya ukuta, akapiga magoti kwa suruali yake ya pekee, akakishika kigoda kwa mikono miwili kisiyumbe.

"Endelea," akasema. "Wa kidato cha tatu wanaanza hapa Jumatatu."

Nikachukua kaa. Nikaanza juu, nikaandika sifuri.